Kutoka Makazi Hadi Uwanjani

Katibu wa klabu hakuiweka barua kwenye bahasha. Aliitandaza juu ya kaunta ya mapokezi, mbele ya wanachama wawili waliokuwa wakisubiri chai, akamsukumia Fimbo kalamu.

"Isome hapohapo, kisha unisainie kwamba umeipata."

Fimbo aliisoma akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mwembamba, shingo imeiva kwa jua. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa kedi katika uwanja huo wa gofu, akibeba mifuko ya wachezaji kutoka shimo la kwanza hadi la kumi na nane. Alipostaafu, mwenyekiti wa wakati ule alimpa uanachama wa heshima pamoja na ruhusa ya kufundisha. Tangu hapo, mwaka wa sita sasa, aliwafundisha wanaoanza: namna ya kushika fimbo, namna ya kusimama, namna ya kukosa mpira bila kumtukana mtu. Ada za masomo hayo ndizo zilizoilisha familia yake, na ndizo zilizoijenga nyumba yake. Nyumba hiyo sasa ndiyo iliyomponza.

"Inasema nini hii, Katibu?"

"Inasema ulivyosoma. Umehama. Mwanachama ambaye makazi yake yanazidi kilomita thelathini kutoka uwanjani anahesabiwa mwanachama wa mbali. Anacheza mara nne kwa mwaka. Hapigi kura, na hafundishi."

"Lakini sijakosa hata siku moja."

"Sijasema umekosa siku. Nimesema kilomita." Katibu aligeuza simu yake ili Fimbo aione. "Thelathini na nne nukta mbili. Simu haina chuki na mtu."

"Hiyo ni barabara ya magari. Mimi nakuja kwa baiskeli."

Mmoja wa wale wanachama alicheka kidogo, kisha akajitia kuangalia kikombe. Fimbo alisikia masikio yakipata moto.

"Kifungu hiki kiliwekwa kwa ajili ya watu waliohamia ng'ambo na bado wanashikilia nafasi," alisema. "Nilikuwepo kilipopitishwa. Nilikuwa nje ya dirisha na mifuko miwili begani."

"Kifungu hakichagui mtu. Kamati inakaa Jumamosi ijayo saa nne. Ukiwa na la kusema, njoo useme. Ama kodi chumba hapa jirani, ubadilishe anwani, yaishe. Wewe hukosi chumba."

Fimbo alisaini. Alipotoka, alimwona kwenye uwanja wa mazoezi yule kijana mwenye fulana mpya ambaye Katibu alikuwa amemleta wiki mbili nyuma kwa jina la msaidizi. Alikuwa amesimama mahali pa Fimbo, akimwelekeza mwanafunzi wa Fimbo namna ya kupinda magoti. Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Kuta hazijapigwa plasta, na dirisha moja lilizibwa kwa nailoni likingoja kioo. Walikuwa na miezi minne tu tangu wahamie. Kabla ya hapo walikuwa wamepanga miaka kumi na tisa karibu na klabu, mpaka mwenye nyumba alipouza na kuwapa siku thelathini. Kiwanja walichoweza kukinunua kilikuwa huku, ambako lami ilikuwa imekata tamaa ikarudi mjini.

Mkewe alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Alisoma barua bila kuinuka kwenye mashine, mguu bado juu ya kikanyagio.

"Yaani tulipokuwa wapangaji tulikuwa wanachama," alisema. "Tumepata kwetu, tumekuwa watu wa mbali."

"Nimefikiria njia moja, Mama Mita."

"Sema."

"Nikodi chumba kule. Kidogo tu. Siku za kazi nilale huko, mwisho wa wiki nije."

Mama Mita aliikunja barua akaiweka chini ya mkasi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sura, na watu wasiomjua walidhani ni mpole wa kila kitu.

"Miaka kumi na tisa nimeomba ruhusa kupigilia msumari kwenye ukuta wa mtu. Nimeulizwa wageni wangu wanakuja kwa nini na wanaondoka lini. Ukikodi chumba tena, Baba Mita, nenda na sufuria zako, maana za hapa hazihami."

"Basi tutakula nini? Sare za shule ni za Januari."

"Sijasema uache kazi. Nimesema hatupangi. Tafuta njia nyingine."

Fimbo alikaa kwenye tofali lililokuwa kiti chao cha wageni. Hakuwa na njia nyingine, na alikuwa amechoka. Kila asubuhi aliamka saa kumi, akaendesha baiskeli ile ya tairi nyembamba kwa saa mbili kasorobo, na jioni akairudia ileile. Hakuwahi kulalamika kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wachezaji wengine walikuja kwa magari kutoka mitaa ya karibu, wakaingia wakisema foleni imewaua.

"Wewe mwenyewe unajua ni kilomita ngapi?" mkewe aliuliza.

"Sijui. Najua ni pumzi ngapi."

"Inapimika," ilisema sauti ya binti yao kutoka jikoni.

Binti huyo alikuwa na miaka ishirini na minne, na jina la Mita alibandikwa tangu shuleni kwa urefu wake. Lilimganda zaidi alipopata kazi kwa mkandarasi wa barabara, msaidizi wa wapimaji. Alitoka akifuta mikono, akaiomba barua, akaisoma polepole huku kidole kikifuata mistari.

"Hapa pameandikwa, 'kutoka makazi ya mwanachama hadi uwanjani, kwa njia anayoitumia.' Hakuna neno gari. Kazini tuna gurudumu la kupimia. Unalisukuma kwa miguu, linahesabu kila mita. Nikimwomba msimamizi nitalipata Jumapili, bora Jumatatu saa moja liwe limerudi."

"Kwa miguu mpaka klabu?" aliuliza Fimbo.

"Kwa miguu, baba. Halipandi baiskeli."

"Nami nakwenda," alisema Mama Mita. "Mkiwa wawili watasema baba na mwana wamepanga yao."

"Na wewe hutakuwa mke aliyepanga?" Fimbo alimtania.

"Mimi kila mtu anajua siupendi huo mchezo."

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi Mita aliliweka gurudumu kwenye kizingiti cha mlango, akaisukuma namba mpaka ikasimama kwenye sifuri, na akawaita wazazi wake waione. Kwenye daftari aliandika tarehe, saa, na maneno "kizingiti cha nyumba." Mfukoni alikuwa na cheti cha gurudumu lenyewe, chenye muhuri wa ofisi yake, kinachosema lilihakikiwa mwezi uliopita na kumtaja yeye kuwa mpimaji. Kisha wakaanza kutembea.

Njia ya Fimbo ilipita kwenye matanuri ya tofali, ikafuata bomba kubwa la maji, ikapanda daraja la waenda kwa miguu juu ya reli, ikakatiza nyuma ya soko na kushuka kwenye viwanda. Gurudumu lilitoa mlio mdogo kila mita, tik, tik, na Mita alisimama kila penye alama akaandika: tanuri la pili, kilomita tatu na mita mia moja na kumi; mwanzo wa bomba, tano na mia nne. Hakuruka kitu. Fimbo alitembea mbele kuonyesha njia, na kila alipotaka kukata kona, binti yake alimrudisha.

"Pale ambapo tairi lako linapita, baba. Si pale ambapo ungependa lipite."

Watu waliwatazama. Mwenye duka mmoja aliyekuwa akifungua mbao zake aliwauliza wanatafuta maji au madini.

"Tunatafuta haki," Mama Mita alimjibu. "Lakini kama una maji, tupe."

Karibu na soko, mwanamke aliyebeba ndoo aliwafuata hatua nyingi bila kusema, kisha akamshika Mita mkono.

"Mwanangu, mnapitisha barabara hapa? Nyumba yangu ni ile yenye mlango wa bluu. Nimemaliza kuezeka juzi."

"Hapana, mama. Tunapima njia ya mzee huyu ya kwenda kazini."

"Mnabomoa lini?"

"Hakuna kubomoa. Ni ya kwenda kazini tu."

Yule mwanamke aliwatazama mmoja mmoja akitafuta mwenye sura ya kusema uongo. Alipowaacha hakuwa ameridhika, akasimama na ndoo yake mpaka walipopinda. Mama Mita aligeuka nyuma mara mbili, na kwa muda mrefu hakutania tena.

Saa saba mchana walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda. Namba ilisema ishirini na nne na mia sita. Kiatu cha Mama Mita kilikuwa kimeachia soli. Alikifunga kwa kipande cha kitambaa cha sare na kuwaambia waache kumwangalia miguu. Fimbo alikuwa akipiga hesabu kimoyomoyo. Aliijua njia hiyo kwa uchovu, si kwa mita, na uchovu ulimwambia bado kuna mengi.

Saa tisa kasoro walifikia ua wa klabu. Waya ulianzia nyuma, kwenye shimo la saba, ambako kulikuwa na geti dogo la chuma lililopakwa rangi ya kijani. Mita alisimama, akaandika. Fimbo hakusimama. Alilipita geti hilo bila kuligeukia, akaufuata ua mpaka mbele, kwenye geti kuu lenye nguzo nyeupe na bendera. Mita alisukuma gurudumu mpaka likagusa mstari wa geti.

Namba ilisomeka 30,184.

"Soma tena," alisema Fimbo.

"Kilomita thelathini, mita mia moja themanini na nne."

Fimbo alichuchumaa chini ya nguzo. Mlinzi wa geti kuu, aliyemfahamu miaka mingi, alimwamkia kwa mbali, kisha alipoona sura yake akaingia kibandani.

"Hiyo namba si inasukumwa tu kwa kidole?" Mama Mita aliuliza kwa sauti ndogo. "Mita mia moja themanini ni nini? Ni kutoka kwetu mpaka kwa jirani."

"Inasukumwa, mama. Lakini cheti kina jina langu."

"Usiiguse," alisema Fimbo. "Sitaingia mle ndani na namba ya kuiba. Watakuja kupima wenyewe, halafu niwe mwizi juu ya kuwa mtu wa mbali."

Mita alikuwa akifunua daftari. Alifika kwenye ukurasa aliouandika mwisho, akausoma, kisha akausoma tena kwa sauti, macho hayamwangalii baba yake.

"Geti la wafanyakazi, shimo la saba. Ishirini na tisa, mia nne na sitini. Barua inasema hadi uwanjani. Haisemi hadi geti kuu. Shimo la saba ni uwanja, baba."

Fimbo aligeuza uso kutoka upande wa shimo la saba. Mkewe alimwelewa upesi kuliko binti. Kwa miaka thelathini na mmoja Fimbo alikuwa ameingia kwa geti hilo la kijani, na kila jioni, akitoka, aligeuzwa mifuko na kupapaswa kiuno kuona kama ameiba mipira. Aliwahi kuvuliwa viatu mbele ya kedi wenzake kwa mpira ambao baadaye ulipatikana kwenye gari la mwenye mpira. Siku alipopewa uanachama, alipitishwa geti kuu, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba lile la nyuma hatalipita tena, hata akiwa maiti.

"Umesikia, Baba Mita," alisema Mama Mita. "Namba ya kweli ipo. Bei yake unaijua wewe."

Fimbo aliinuka, akajipangusa vumbi. Aliangalia nguzo nyeupe kwa muda, kama mtu anayekumbuka alikoweka kitu.

"Iandike vizuri," alimwambia binti yake. "Ukurasa wake peke yake."

Jumamosi saa nne Mama Mita alifika klabuni na mumewe na Mita, kwa viatu vingine. Mhudumu alimwambia viti vya barazani ni vya wanachama.

"Mimi kazi yangu ni kukaa kwenye cherehani," alimwambia. "Kusimama kwangu ni likizo." Akasimama hapohapo mlangoni, akisikia kila kitu.

Kamati ilikuwa ya watu sita, wakizunguka meza ndefu. Fimbo alisimama upande wa mlango mpaka Daktari wa meno, mwanamke ambaye Fimbo alianza kumfundisha kucheza miaka mitatu nyuma, aliposema, "Mpeni mwalimu kiti." Kiti kikaletwa. Mita aliitwa kama mpimaji, akaeleza gurudumu, akaonyesha cheti, akasoma alama zote kutoka kizingiti. Ilichukua muda, na Mwenyekiti, mzee mnyamavu mwenye miwani, alizifuata moja moja kwa penseli.

"Ishirini na tisa na mia nne sitini," alirudia Mwenyekiti. "Hadi geti la shimo la saba. Na hadi geti kuu?"

Mita alimwangalia baba yake.

"Mwambie," alisema Fimbo.

"Thelathini na mia moja themanini na nne."

Katibu aliegemea kiti. "Basi tumemaliza. Wanachama huingia geti kuu."

"Imeandikwa wapi?" aliuliza Daktari.

Katibu alifungua katiba, akafunua mbele, akafunua nyuma. "Ni desturi."

"Sikuuliza desturi. Kifungu kinasema hadi uwanjani, kwa njia anayoitumia. Mimi nikipiga mpira ukaanguka shimo la saba, hujawahi kuniambia umetoka nje ya uwanja."

Mtu mmoja alicheka, na Katibu akatabasamu pia, kwa sababu alikuwa amepata jambo.

"Sawa, kwa njia anayoitumia. Basi aitumie. Aingie kwa geti la wafanyakazi, atoke kwa geti la wafanyakazi, kila siku. Siku tutakayomwona geti kuu, kilomita zinarudi kuwa thelathini na barua yangu inasimama. Fimbo anakubali hilo?"

Alimjua Fimbo vya kutosha kujua anauliza nini. Daktari alifungua mdomo, lakini Fimbo alikuwa ameshanyanyuka.

"Nimekubali," alisema. "Ila iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba naingia huko nikiwa mwanachama. Na yule kijana wa Katibu aanze kusimama mahali pengine. Pale pana wanafunzi wangu."

Walipiga kura kwa mikono. Minne ilikubali, miwili ikakataa. Mwenyekiti aliandika mwenyewe, akasoma alichoandika, akamwuliza Fimbo kama ndivyo alivyosema. Fimbo akasema ndivyo.

Nje, Daktari alimkimbilia.

"Mwalimu, lile la geti si sawa. Nipe mwezi mmoja nilipeleke kwenye mkutano mkuu."

"Lipeleke, nitashukuru. Lakini Jumatatu saa moja una somo, na bega lako la kushoto bado linakimbia kabla ya mpira. Usichelewe."

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini, Fimbo alisimamisha baiskeli kwenye geti la kijani. Mlinzi alikuwa mwanamke asiyemjua. Alimpa daftari lenye safu tatu: jina, saa, kazi.

"Wewe ndiye fundi bomba?"

"Hapana."

Fimbo aliandika jina lake, akaandika saa. Kwenye safu ya tatu, chini ya wakata nyasi wanne na mpishi, aliandika "mwanachama," kwa herufi kubwa zilizotosha kusomwa. Kisha akaikokota baiskeli kando ya shimo la saba, umande ukimlowesha suruali mpaka magotini, akaenda kufundisha. Siku hiyo alikuwa na masomo matano, na kwenye la kwanza bega la Daktari lilikubali kutulia.

Jioni, akitoka, mlinzi alinyoosha mkono kuelekea mfuko wake kama alivyoagizwa kwa kila anayetoka. Fimbo alikuwa ameingoja saa hiyo tangu Jumamosi. Hakurudi nyuma wala hakuinua sauti.

"Fungua daftari," alisema. "Soma nilichoandika asubuhi."

Mlinzi alifunua ukurasa. Alisoma kwa midomo, akamwangalia usoni, akaangalia ile baiskeli, akasoma tena.

"Hapa huwa hatuna hao," alisema.

"Sasa mnaye."

Alisita kidogo, kisha mkono wake ukaenda kwenye komeo badala ya mfuko, na geti likafunguka.

Fimbo alifika nyumbani giza likianza kuingia. Mama Mita alikuwa akishona nailoni mpya ya dirisha, kwa sababu kioo kilikuwa bado. Hakumwuliza kuhusu masomo wala kuhusu Katibu.

"Walikupekua?"

"Hapana."

"Basi nawa," alisema, "chakula kiko mezani."